Faili la Binti wa Tarime na Kompyuta ya Kwanta

Shule zikifungwa Desemba, hofu ya kukeketwa hupanda katika wilaya za Tarime na Serengeti. Mabinti wanaokimbia hupokelewa kwenye nyumba salama za Masanga na Mugumu na kwenye madawati ya jinsia na watoto ya polisi. Anayepokelewa hufunguliwa faili: jina, umri, kijiji, ukoo, majeraha kama yapo, na jina la anayelalamikiwa, ambaye mara nyingine ni mzazi wake mwenyewe. Kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kwa hiyo taarifa hizo hupita kwa daktari, afisa ustawi wa jamii na mwendesha mashtaka. Kadiri ofisi hizo zinavyoingia kwenye mifumo ya kompyuta, safari hiyo nayo inahamia mtandaoni.

Nimelichagua faili hili makusudi, kwa sababu mjadala wa hatari ya kompyuta za kwanta kwa siri za mtandaoni hukimbilia fedha. Namba ya malipo ya GePG, mfumo wa malipo ya serikali ulioanza 2017, ikishalipiwa kiingilio cha Hifadhi ya Serengeti au ushuru pale Sirari, kazi yake imekwisha. Atakayeifumbua baada ya miaka 15 ataambulia risiti ya zamani. Binti wa miaka 12, akifika miaka 30 ana mume na watoto, bado anaweza kuumizwa na kilichoandikwa leo.

Mawasiliano mengi ya mtandaoni, ya serikali yakiwemo, yamekuwa yakilindwa kwa mbinu za kufumba siri ziitwazo RSA au hisabati ya mikunjo. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye nguvu ya kutosha ingevunja zote mbili. Mashine hiyo haijapatikana, lakini makadirio ya ukubwa wake yanashuka kwa kasi. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walisema RSA ya biti 2048 ingehitaji kyubiti, yaani biti za kwanta, milioni 20. Mei 2025 Gidney akashusha hadi chini ya milioni moja, kwa kazi isiyozidi wiki. Mwizi hahitaji kuwa na mashine hiyo sasa. Anarekodi yanayopita mtandaoni, anayahifadhi, anasubiri.

Michele Mosca, mwanahisabati wa Kanada, alitoa kipimo rahisi. Chukua miaka ambayo siri inapaswa kudumu, ongeza miaka itakayotumika kubadilisha mifumo. Jumla ikizidi miaka iliyobaki kabla mashine haijaja, umekwisha kuchelewa. Faili la binti linahitaji kama miaka 50. Rasimu ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ya Novemba 2024 inataka RSA iondolewe kabisa kufikia 2035. Hata mashine ikichelewa hadi hapo, kwa faili hili tumechelewa tayari, na kila msimu unaopita unaongeza majina.

Dawa ilipatikanaje? NIST ilialika mapendekezo ya mbinu mpya mwaka 2016, ikakubali 69 katika raundi ya kwanza, kisha ikawaachia wataalamu wa dunia wayavunje. Moja lililofika mbali, SIKE, liliangushwa mwaka 2022 na Wouter Castryck na Thomas Decru wa Leuven, kwa kiini kimoja cha kompyuta ya kawaida, kwa muda wa saa moja hivi. Tarehe 13 Agosti 2024 kiwango cha ML-KEM, mbinu mpya ya kukubaliana ufunguo, kikatangazwa rasmi.

Anguko la SIKE lilionyesha kwa nini wahandisi walikuwa na tahadhari. Hawakuitupa mbinu ya zamani. Waliziunganisha mbili, X25519 ya mikunjo na ML-KEM-768, hivi kwamba mshambuliaji lazima avunje zote. Kwangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika kazi hii. Una gharama, hata hivyo. Ufunguo wa X25519 ni baiti 32. Wa ML-KEM-768 ni baiti 1,184. Ujumbe wa kwanza wa kivinjari kwenda kwenye seva ukafura, haukutosha tena ndani ya pakiti moja. Chrome ilipoiwasha mbinu hii kwenye kompyuta Aprili 2024, wakati huo bado ikiitwa Kyber, baadhi ya vifaa vya kuchuja mtandao vilivyozoea pakiti moja vilikata mawasiliano.

Kuna hatari nyingine isiyopiga kelele. Upande mmoja ukikosa mbinu mpya, pande zote mbili hurudi kwenye ya zamani bila kumwambia mtu. Kompyuta ya Windows 7 imekwama kwenye Chrome 109. Itafungua mfumo, alama ya kufuli itaonekana, afisa ataingiza taarifa za mtoto, na ulinzi utakuwa ule ule wa jana, hata kama seva iliyoko Dodoma imeboreshwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imekwisha kuweka taarifa za afya na za watoto katika kundi nyeti. Mamlaka ya Serikali Mtandao na TAMISEMI wapange kazi kwa mfuatano huu: afya, ustawi wa jamii na dawati la jinsia kwanza, malipo baadaye. Programu ya upande wa seva haina bei, OpenSSL 3.5 ya Aprili 2025 inakuja na ML-KEM ndani yake. Nanyi maafisa TEHAMA wa halmashauri, kuanzia Nyamwaga hadi Mugumu, fungueni mfumo mnaoutumia na mtazame aina ya ufunguo uliokubaliwa. Kama X25519MLKEM768 haipo, andikeni barua leo.