MRI haioshi ubongo: Tuchunge lugha ya habari za sayansi

MATUMIZI ya ‘kuosha ubongo’ katika habari za afya yanafaa kuhojiwa. Tunaambiwa ati ubongo ‘huoshwa’ usiku, na kwamba mashine ya MRI ‘huona uchafu ukitoka’. Kauli zote mbili zina kasoro.

Kwanza, kuosha. Mkenya akisikia kwamba fulani ameoshwa ubongo, hufikiria kasumba. Wanasayansi nao wanazungumzia ugiligili unaozunguka ubongo na uti wa mgongo. Huo hupenya kandokando ya mishipa ya damu, hubadilishana na maji yaliyo kati ya seli, na hudhaniwa kubeba takamwili, mathalani protini ya amiloidi inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2012, Maiken Nedergaard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliuita mfumo huu ‘glimfatiki’, kwa kuunganisha glia, yaani seli saidizi za ubongo, na limfu. Kulitohoa neno hilo ni sawa. Kulifanya bomba la kuoshea ubongo ni kutia chumvi.

Pili, kuona. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio kunasa ishara za hidrojeni, hasa ile iliyo majini. Taka zenyewe haizioni. Katika utafiti wa Oslo uliochapishwa 2017, wagonjwa walidungwa mgongoni dawa yenye gadoliniamu, kisha MRI ikafuatilia ilivyosambaa ubongoni. Mkulima wa viazi kule Mau Narok akitia rangi kwenye mfereji na kuiona mwisho wa shamba, amejua kwamba maji yamepita. Je, yamebeba matope kiasi gani? Rangi haisemi.

Hili si suala la msamiati tu. Mwaka 2013, kundi la Nedergaard liliripoti kuwa usingizi huongeza uondoaji wa taka katika ubongo wa panya. Mwaka 2024, watafiti wa Imperial College London wakaripoti kinyume, pia kwa panya. Aliyekwisha kuandika ‘lala uoshwe ubongo’ atawaambia nini wasomaji wake? Na mtu wa Mau Narok anayempeleka babake msahaulifu Nakuru kupigwa picha, mbona asidhani kwamba mashine yenyewe ni tiba?

Basi tuandike hivi: MRI huonyesha jinsi ugiligili unavyosogea, na kutokana na hilo watafiti hukadiria jinsi takamwili zinavyoondolewa. Sentensi ni ndefu kidogo, lakini haimpotoshi mgonjwa.