Nafasi ya Wimbo katika Uhakiki wa Tamthiliya: Maitũ Njugĩra Jijini Nairobi na Nguzo Mama Mikononi mwa Msomaji wa Misunkumilo

Mwaka 1982 Afrika Mashariki ilipata tamthiliya mbili zinazotegemea sana wimbo. Ya kwanza, Nguzo Mama ya Penina Muhando, ilichapishwa Dar es Salaam na kwa miaka mingi imekuwa ikisomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania. Ya pili, Maitũ Njugĩra ya Ngũgĩ wa Thiong'o, jina ambalo kwa Kiswahili lina maana ya "Mama Niimbie", iliigizwa jijini Nairobi mwezi Februari kwa jina la mazoezi, ikafungiwa milango na haikuchapishwa kuwa kitabu. Kuhusu Nguzo Mama zipo tahakiki nyingi za fani na maudhui. Kuhusu Maitũ Njugĩra, katika Kiswahili, hakuna zaidi ya kutajwa kwa kupita pale inapozungumziwa historia ya udhibiti wa sanaa nchini Kenya. Tofauti hiyo haielezeki kwa ubora wa kazi hizi. Inaelezeka kwa mazoea ya uhakiki wa Kiswahili, ambao kwa tamthiliya hudai kwanza kitabu, kisha ndipo husema.

Kata ya Misunkumilo, katika Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, inafaa kuwa mahali pa kuyapimia mazoea hayo. Mwanafunzi anayetoka huko hukutana na tamthiliya kwa mara ya kwanza kama kitabu cha kiada. Huisoma kimyakimya, au husomewa na mwalimu kwa sauti ileile inayotumika kusoma insha. Anapofika penye wimbo, huona mistari iliyopangwa kama beti, huihesabu mizani ikibidi, hutafuta tamathali za semi, kisha huendelea na mazungumzo ya wahusika. Wakati huohuo mwanafunzi huyo anaishi katika mkoa wenye Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wasukuma wengi waliohamia na ng'ombe wao, na huenda amewahi kusimama pembeni mwa uwanja wa ngoma za Wasukuma akaona namna mwimbaji mmoja anavyoweza kuuvuta umati mzima kutoka upande wa mpinzani wake. Hahitaji kufundishwa kwamba maneno ya wimbo ni sehemu tu ya wimbo. Darasa ndilo humzoeza kulisahau jambo hilo.

Nguzo Mama inaonesha hasara hiyo waziwazi. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo. Bi Msimulizi anasimulia, anahoji, anawasuta. Mwishoni nguzo haijasimama. Wahakiki wengi wameishughulikia nguzo kama ishara ya ukombozi wa mwanamke, wakauchambua ubinafsi na utengano unaoiangusha, wakahitimisha. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini imepatikana kwa kusoma majibizano peke yake. Kazi ya kuinua kitu kizito kwa pamoja ina wimbo wake katika jamii nyingi: mmoja huanza, wengine huitikia, na mwitikio ndio unaotoa wakati wa kuvuta. Anayechelewa kuitikia huwaelemea wenzake. Kwa hiyo utengano wa wanawake wa Patata ni jambo ambalo hadhira ingeweza kulisikia katika mwitikio unaolegea, kabla haijaelezwa na mhusika yeyote. Kitabu hakiwezi kumpa msomaji jambo hilo. Kinampa maneno ya wimbo, na mahadhi yamebaki kwa waigizaji wa kwanza.

Maitũ Njugĩra iko upande wa pili wa tatizo hilohilo, na kwa sababu hiyo inastahili kuchunguzwa kwa kirefu.

Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe katika Decolonising the Mind (1986), kazi hii ilikuwa na nyimbo zaidi ya 80 kutoka jamii zaidi ya nane za Kenya. Inasimulia ukandamizaji na upinzani chini ya sheria za kazi za kikoloni za miaka ya 1920 na 1930, enzi ambayo mfanyakazi Mwafrika alilazimika kubeba kipande. Maneno ya kusemwa yalikuwa machache. Ngoma, uigizaji bubu na nyimbo ndivyo vilivyobeba simulizi, na picha za slaidi zilitupwa ukutani ili kuonesha sura halisi ya enzi hizo. Waongozaji walikuwa Kimani Gecau na Waigwa Wachira. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walewale ambao mwaka 1977 waliigiza Ngaahika Ndeenda hadi leseni yake ilipofutwa. Mwandishi wake alitiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo bila kushtakiwa.

Kikundi kilikusudia kufungua maonyesho katika Ukumbi wa Taifa wa Kenya tarehe 19 Februari 1982. Maombi ya leseni yalikuwa yamepelekwa miezi kadhaa kabla. Hayakujibiwa. Siku ilipofika waigizaji walikuta milango imefungwa na polisi wapo. Wakaendelea kuigiza katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi uitwao Theatre II, na hapo kila usiku uliitwa usiku wa mazoezi, kwa kuwa mazoezi hayakuhitaji leseni. Watu walisafiri kutoka Limuru na vijiji vya jirani; viti vikajaa, ngazi zikajaa, wengine wakasikiliza kutoka nje. Baada ya mazoezi kama kumi, yaliyoonwa na takriban watu 10,000 kwa makadirio ya Ngũgĩ, uongozi wa chuo uliagizwa kuufunga ukumbi. Tarehe 12 Machi 1982 polisi walikwenda Kamĩrĩĩthũ wakaubomoa ukumbi wa wazi ambao wanakijiji waliujenga kwa mikono yao.

Mengi yaliyoandikwa kuhusu kisa hiki yanaishia kwenye ukatili wa dola. Mhakiki wa sanaa ana swali jingine la kuuliza: je, neno "mazoezi" liliibadili kazi yenyewe? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba liliibadili. Onyesho rasmi huwatenga waliolipa na wasiolipa, huweka mpaka kati ya jukwaa na viti, na huidai hadhira ikae kimya hadi mwisho. Mazoezi hayana masharti hayo. Mtu anayetazama mazoezi anaruhusiwa kuitikia, na kikundi kinaruhusiwa kurudia. Katika kazi yenye nyimbo za jamii nyingi, ruhusa hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu katika ukumbi mmoja wa jijini Nairobi huwapo watu wanaoujua wimbo fulani tangu utotoni na wengine wasioelewa hata neno lake moja. Wanaoujua hugeuka waimbishaji wa walioketi karibu nao, na kwa wimbo unaofuata nafasi hubadilika.

Ukumbi uliofungwa nao una historia inayotia uzito hoja hii. Ukumbi wa Taifa ulifunguliwa mwaka 1952, karibu na Hoteli ya Norfolk, na hata baada ya uhuru ulibaki kwa muda mrefu mikononi mwa vikundi vya Wazungu. Mwaka 1976 The Trial of Dedan Kimathi, ya Ngũgĩ na Micere Githae Mugo, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zilipewa siku chache tu ili zisiingiliane na wageni wa baleti kutoka Ufaransa na A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, tamthiliya ya muziki ya Kimarekani ya kuchekesha yenye watumwa wa Roma ya kale. Kwa hiyo tamthiliya ya muziki haikuwa ngeni katika ukumbi ule. Miaka sita baadaye kilichokosa nafasi ni muziki wa wakulima wa Limuru.

Sifa hizo zisizuie tahadhari. Ushahidi uliopo unatoka kwa watu wenye upande. Ngũgĩ ni mwandishi wa kazi na ni aliyedhulumiwa. Ana haki ya kusema, ila hawezi kuwa mhakiki wake mwenyewe. Kitabu cha Ingrid Björkman, Mother, Sing for Me (1989), kinatoa sauti za watazamaji na kwa sababu hiyo ni hazina, lakini watazamaji hao walihojiwa baada ya marufuku, na marufuku hulifanya jambo likumbukwe kuwa kubwa. Aidha, wingi wa nyimbo una hatari yake ya kisanaa. Nyimbo 80 katika usiku mmoja zinaweza kugeuka gwaride la makabila, kila jamii ikipita na ngoma yake kama katika sherehe za kitaifa ambazo serikali zote za Afrika Mashariki zimezipenda. Bila matini, mhakiki hawezi kuamua moja kwa moja kama Maitũ Njugĩra iliiepuka hatari hiyo. Kilichopo ni dalili: mpangilio wake ulifuata sheria za kikoloni na upinzani dhidi yake, si orodha ya jamii, na dola ambayo haikuwahi kuhofia ngoma za sherehe iliiogopa hii. Dalili hiyo ina nguvu, ingawa hofu ya dola haiwezi kuwa kipimo cha usanii.

Linalofuata ni suala la mbinu. Vyuo vinavyofundisha fasihi kwa Kiswahili huitenga fasihi simulizi, ambako utendaji hukubaliwa kuwa data, na fasihi andishi, ambako matini iliyochapishwa ndiyo data. Tamthiliya ya nyimbo inaangukia kwenye ufa uliopo kati ya hizo mbili. Mtahiniwa anayetaka kuihakiki Maitũ Njugĩra huulizwa matini iko wapi. Anayehakiki Nguzo Mama haulizwi mahadhi yako wapi. Maswali hayo mawili yana uzito sawa. Hata Nitaolewa Nikipenda, tafsiri ya Kiswahili ya Ngaahika Ndeenda iliyofanywa na Clement Kabugi, imemfikishia msomaji wa Kiswahili mzozo wa ardhi na unafiki wa matajiri wa kanisani, huku nyimbo zake zikiwa zimevuliwa lugha na mahadhi kwa pamoja.

Kwa Misunkumilo hali haijafungika kabisa. Mwalimu anayewataka wanafunzi wake watafute mahadhi ya nyimbo za Nguzo Mama kutoka katika ngoma wanazozijua hatakuwa amerejesha mahadhi ya waigizaji wa kwanza wa Dar es Salaam, lakini atakuwa amelazimisha maswali ambayo kitabu hakiyaulizi: nani anaanza, nani anaitikia, kiitikio kinarudi mara ngapi, na nani ananyamaza. Majibu yatatofautiana kati ya darasa lenye watoto wengi wa Kisukuma na darasa lenye Wapimbwe wengi, na tofauti hiyo ni data halali ya uhakiki.

Kwa Nairobi muda ni mfupi zaidi. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipokaa kwenye ngazi za Theatre II sasa amevuka 60, na waigizaji waliokuwa watu wazima mwaka ule wamezeeka au wamekufa. Maneno ya nyimbo huenda yakapatikana katika karatasi za kikundi. Mwitikio wa hadhira, yaani wapi watu waliingilia na wapi walinyamaza, upo kwa waliokuwapo tu, na watafiti wa Kiswahili hawajaanza kuwauliza.