Heko kwa Watunzi wa Riwaya Wanaojichapishia

Nawapongeza kwa moyo wote waandishi Wakristo wanaotunga riwaya na kuzichapisha kwa fedha zao. Mwandishi wa aina hii humlipa mhariri, huomba namba ya ISBN kwenye Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, humfuata msanifu wa jalada, kisha hubishana bei na mchapaji, kwa maana nakala zikiwa chache kila moja hugharimu zaidi. Jumapili, ibada ikiisha, hupanga vitabu mezani karibu na mnada wa mazao.

Wapo waumini wanaomuuliza kwa nini mtu wa Mungu atunge mambo yasiyotokea. Mbona Yesu alifundisha kwa visa vya Msamaria mwema na mwana mpotevu? Riwaya nzuri humwingiza msomaji nyumbani kwa mzee wa kanisa anayempiga mkewe, au katika kwaya iliyogawanyika kwa sababu ya fedha za kanda za nyimbo zake. Mahubiri ya nusu saa hayafiki huko.

Mfano wa mtunzi wa aina hii ni William Paul Young, mzaliwa wa Kanada, aliyewaandikia watoto wake riwaya ya The Shack, akatoa nakala 15. Wachapishaji waliikataa, rafiki zake wakaunda kampuni, wakaitoa mwaka 2007, ikauzwa kwa mamilioni. Wanatheolojia kadhaa waliipinga, nami naona mjadala huo ulikuwa na faida.

Wachungaji, mpeni mtunzi wenu nafasi katika matangazo. Nawe muumini, nunua nakala yako kwa bei kamili.