Kushoto, Kwenye Mti

Urefu wa Kilimanjaro ni mita 5,895, na kila mwongoza watalii wa Arusha anaujua hata akiamshwa usiku wa manane. Kazi ipo kwenye kuutamka. Mfaransa anataka asikie elfu tano, mia nane, ishirini mara nne na kumi na tano: cinq mille huit cent quatre-vingt-quinze. Kijapani hakina taabu na tisini, ila mia nane yake ina mtego: hachi na hyaku vikikutana vinageuka kuwa happyaku. Halafu njoo kwenye nyumbu wa Serengeti, wanaokadiriwa kufika milioni moja na nusu. Kwa Kifaransa ni mteremko, un million et demi. Kwa Kijapani hesabu kubwa hupangwa kwa makumi elfu, kwa hiyo msemaji inabidi aigawe upya kichwani, apate makumi elfu mia moja na hamsini, ndipo aseme hyaku gojūman. Na yote hayo anayafanya huku mikono ipo kwenye usukani na gari linatafuta njia kwenye tope jeusi.

Hapa Olasiti, jirani na uwanja wa ndege wa Kisongo, yupo dada mmoja anayeifanya kazi hiyo kwa lugha zote mbili. Alisoma Kifaransa na Kijapani kwa pamoja katika Chuo Kikuu cha Dodoma, akarudi nyumbani, akaingia kwenye utalii. Watu humuuliza kwa nini hakuchagua moja akaikamata vizuri, maana mshika mawili moja humponyoka. Nimemsikiliza kwa muda mrefu, akiwa kazini na akiwa nyumbani, na siafikiani nao. Ninaamini kwamba angesoma Kifaransa peke yake asingekizungumza vizuri kama anavyokizungumza leo, na Kijapani vivyo hivyo.

Mzungumzaji wa Kiswahili akipewa Kijapani kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, siku ya kwanza tu anakisoma na kueleweka. Irabu ni zile zile tano, na silabi karibu zote zinaishia na irabu. Ugumu umejificha kwenye urefu wa sauti: obasan ni shangazi, obāsan ni bibi, na mgeni wa miaka hamsini hatafurahi ukikosea. Kifaransa kinamfanyia mtu kinyume chake. Midomo inakaa kama ya kusema u huku ulimi unasema i, sauti nyingine zinapitia puani, na nusu ya herufi zilizoandikwa hazitamkwi. Mfano anaoupenda yeye ni wa kiboko na korongo wa ziwani. Hippopotame na héron zote zinaanza na h isiyosikika, lakini viboko wengi ni les hippopotames, na ile s inaunganishwa ikasikika kama z, wakati les hérons hairuhusu muungano wowote. Hakuna kanuni rahisi ya kukuokoa. Unakariri neno kwa neno. Kwenye orodha yake ya ndege na wanyama, kila h ya namna ya korongo imepigiwa mstari mwekundu.

Masika ndiyo darasa lake. Aprili na Mei wageni wanapungua, baadhi ya kambi zinafungwa, magari yanaingia gereji kubadilishwa springi, na madereva wengi wanapumzika, kwa haki kabisa. Yeye anatoa daftari la hesabu la shule ya msingi, lile lenye miraba, kwa sababu kila mraba unatosha herufi moja ya kanji. Nilimwona akiandika herufi ya tembo. Ina mikato kumi na miwili, na kila mkato una zamu yake na upande wake wa kuanzia. Ukianza pasipostahili, herufi inalala upande hata kama mistari yote ipo. Aliijaza safu nzima ya ukurasa, akairudia safu ya pili bila kutazama ya kwanza, kisha akalinganisha. Kwenye safu ya pili alizungushia tatu zilizopinda miguu, akaziandika tena hizo tatu tu. Serikali ya Japani ina orodha ya kanji 2,136 za matumizi ya kawaida, na wageni wake hawamdai hata moja, maana kazi yake ni ya mdomo. Nilipomuuliza faida yake, alinijibu kwamba neno aliloliandika kwa mkono halimkimbii akiwa amechoka.

Kuhesabu wanyama ndiko kunakonishangaza zaidi. Kijapani huongeza mkia kwenye namba kulingana na kinachohesabiwa: tembo wawili ni nitō, kwa kuwa ni wanyama wakubwa, pimbi watatu ni sanbiki, kwa kuwa ni wadogo, ndege mmoja ni ichiwa. Kwenye bonde la Ngorongoro vyote hivyo vinaweza kutokea mbele ya kioo kwa wakati mmoja. Sijamsikia akisita.

Arusha imewahi kuwa na mafundi wakubwa wa kazi hii ya lugha. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofanya kazi kwenye jengo la mikutano la AICC hadi mwisho wa 2015, iliendeshwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na mashahidi wengi walisema Kinyarwanda. Katika kesi za mwanzo maneno ya shahidi yalipita kwanza kwenye Kifaransa, kisha kwenye Kiingereza, na hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya mwaka 1998 ina sehemu inayoeleza ugumu huo. Wakalimani wale walibeba mambo mazito kuliko simba na twiga, na heshima yao haina mfano. Lakini walikuwa na vibanda, vipaza sauti na wenzao wa kupokezana. Dereva wa Olasiti yupo peke yake, na baada ya kueleza bado ana tairi la kubadilisha.

Sasa nifike kwenye kile nilichotaka kukisifu tangu mwanzo. Seronera, huko Serengeti, kwenye migunga na mivungunya ya kandokando ya mto, chui hulala juu ya tawi mguu ukining'inia. Mfaransa wa kawaida atasema kuna chui, kisha atasema yuko wapi. Neno chui likishatoka, watu sita wanasimama na macho yanatawanyika pande zote. Kijapani kinapanga mambo kwa utaratibu mwingine: hidari no ki no ue ni, hyō ga imasu. Kwanza kushoto, halafu mti, halafu juu yake, na chui anakuja karibu na mwisho, macho ya wageni yakiwa yameshafika kwenye tawi. Sarufi yenyewe inawashika mkono.

Yeye aliliona hilo na hakuliacha kwenye Kijapani. Kifaransa nacho kinaruhusu mpangilio huo, ila wengi hawautumii kwa haraka ya kutangaza. Siku hizi wageni wake wa Paris na Lyon wanaambiwa à gauche, dans l'arbre, sur la grosse branche, un léopard, kwa sauti ya chini na bila kunyoosha kidole. Na kwenye redio, anapowaita madereva wenzake kwa Kiswahili, nimemsikia akianza na upande, akaja kwenye mti, akamtaja chui mwisho.