Bunduki Inayosindikiza

Mimi na mke wangu tumepanda Mlima Meru pamoja, na pongezi zetu za kwanza ni za askari wa uhifadhi aliyetutangulia, bunduki begani. Ndio utaratibu wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960: kutoka lango la Momella wapandaji husindikizwa na askari mwenye silaha, kwa kuwa msituni kuna nyati na tembo.

Nilidhani ustadi wa mwenye bunduki ni shabaha. Kumbe shabaha huja mwisho kabisa. Yule askari alisoma kinyesi kibichi na majani yaliyolala, akapima upepo, kisha akainua mkono, nasi tukanyamaza mpaka nyati wakapita. Mke wangu, anayeogopa bunduki tangu utotoni, alitembea nyuma yake kwa utulivu hadi vibanda vya Miriakamba.

Kilele kina mita 4,562. Tulifika, tukashuka salama, na risasi zote zilirudi kama zilivyoondoka. Katika kazi hiyo, risasi isiyofyatuliwa ndiyo fahari.