Kiitikio Kilichomeza Beti

Waandishi wenzangu, hebu usikilizeni tena "Born in the U.S.A." wa Bruce Springsteen, wa 1984. Ngoma zinarindima, kiitikio kikifika ngumi juu, utadhani wimbo wa taifa. Kumbe beti zinamlilia askari aliyerudi kutoka Vietnam: kazi hakuna, msaada hakuna. Mwaka uleule Rais Reagan, akiomba kura New Jersey, alizisifu nyimbo za Springsteen kwa ujumbe wa matumaini. Matumaini gani, jamani?

Kosa la nani? Mwaka 1982 aliurekodi kwa gitaa na sauti tu. Toleo hilo, lililotoka 1998, halimdanganyi mtu. Lakini nani angeucheza? Utamu ndio ulioufikisha wimbo mbali, na ndio ulioficha uchungu wake. Nasi tunaopamba vina, tujiulize: msomaji akikariri kiitikio peke yake, atabaki na nini?