Tusi Lililoanza Kuwa Jina la Mtoto

Wasomaji wetu wenye vijana katika skuli za sekondari huenda wamewaona wakirejea nyumbani na michezo ya Shakespeare, yule mtungaji Mwingereza aliyekufa mwaka 1616. Kijana akikutana humo na neno "knave", aghalabu hufungua kamusi, akaona kuwa maana yake ni ayari au mlaghai, akaliandika pembeni ya kitabu, akapita. Maana hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya khabari, na mwenye kushika nusu hii peke yake hawezi kuyafahamu maneno mazito kabisa ya mtungaji huyo.

Asili ya neno hilo katika Kiingereza cha kale ni "cnafa", yaani mtoto mwanamume. Wajerumani, ambao lugha yao ni jamaa na hiyo, mpaka leo wanalo neno "Knabe" kwa maana ya mvulana, wala hapana anayekasirika. Huko Uingereza neno likahama: likawa mtoto wa kutumwa, kisha mtumishi wa umri wo wote, kisha mtu duni, na mwisho mtu mwovu asiyeaminika. Mtoto wa watu hakufanya lo lote! Waliokuwa wakimtuma ndio waliokuwa wakisikilizwa, na dharau yao ikaganda katika neno.

Si neno hilo peke yake. "Villain", ambalo leo ni mtu wa shari katika hadithi, asili yake ni mtu aliyefungamana na shamba la bwana wake. Na sisi je? Tunaposema "mshamba" huwa tunakusudia mtu mwenye shamba? Waarabu wana "ghulamu", mtoto mwanamume, neno ambalo Qur'ani imelitumia katika bishara ya mwana aliyopewa Nabii Zakariya. Na hilohilo likatumika pia kwa mtumwa. Wahindi huliita hivyo lile karata ambalo Waingereza walikuwa wakiliita "knave". (Hapa twazungumza lugha, si kuruhusu karata.)

Basi tuitazame tamthilia ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Mwanzo wake, ofisa mmoja wa Rumi amemkasirikia mshona viatu anayemjibu kwa mafumbo, akamtukana kwa neno hilo. Mbele sana, usiku wa kabla ya vita, Brutus yumo hemani na mtumishi wake mdogo, Lucius. Mtoto amesinzia juu ya kinanda chake kwa uchovu. Brutus hamkemei, anamwita kwa neno lilelile, sasa kwa upole, kisha anakiondoa kinanda taratibu kisije kikavunjika. Mfasiri akiandika "ayari" mahali pote pawili, ameua mlango huu wa pili. Na mlango huu ndio unaotuonyesha kuwa Brutus, aliyekwisha kumuua rafiki yake, bado ana huruma ndani yake.

Lakini ustadi mkubwa zaidi umo katika King Lear, iliyopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1608. Kent, mtu mkubwa wa ufalme, amefukuzwa na mfalme kwa kusema kweli. Akarudi kwa siri katika nguo za mtumishi ili amtumikie yuleyule aliyemfukuza. Mfalme anamwita "knave" kwa mapenzi. Kent naye anamkuta Oswald, mtumishi mwenye kujipendekeza kwa mabwana waovu, akammiminia matusi mfululizo, na neno hilo likirudi tena na tena. Duke wa Cornwall akaingilia, akamwita Kent kwa tusi hilohilo, akamtia mkatale na mvi zake. Neno ni moja. La Kent lina haki, la Cornwall halina. Mtungaji hakutuambia. Ametuachia tuone wenyewe.

Kisha yafuata yale ya kutisha. Cornwall anamng'oa macho mzee Gloucester, na katika chumba kile anayesimama kumzuia ni mtumishi tu. Mtungaji hakumpa hata jina. Anasema kuwa amemtumikia bwana wake tangu utotoni, na kwamba hajawahi kumfanyia khidma bora kuliko kumwambia aache. Cornwall anamjibu kwa neno moja, "villain". Mke wa Cornwall anamchoma kwa nyuma, na maiti yake inaamriwa itupwe jaani. Lakini jeraha alilompiga bwana wake ndilo lililomuua bwana huyo.

Sasa, neno hili tulifasiri vipi? Wako watakaosema "mtwana". Kwa mizani ya lugha linaelekea, kwani nalo lilikuwa jina la hali kabla ya kuwa tusi. Lakini Zanzibar utumwa uliondolewa katika sheria mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Si zamani sana hata watu wawe wamesahau. Miongoni mwa watazamaji huenda yuko ambaye babu yake aliitwa hivyo kwa kweli. Mimi naona neno hilo litiwe katika kinywa cha Cornwall, hapo tu, ili msikilizaji amchukie msemaji. Kwa Kent dhidi ya Oswald, "ayari" latosha. Ama Brutus aseme "kijana wangu". Na Lear pia, pale aliponyeshewa na mvua nyikani, akili ikimwondoka, akamgeukia mchekeshaji wake anayetetemeka kwa baridi akamwita "knave", huku akisema kuwa iko sehemu ya moyo wake ingali ikimsikitikia.